NYUMBA YA NGUZO MOJA
Somo la kikundi: Timu ya Toronto Wolfpack na mwaka wa korona



Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini kwetu, vikundi vingi vilifunga daftari. Watu walikatazwa kukusanyika, masoko mengi yakafungwa, michango ikakwama. Baadaye vikundi vingine vilirudi vikaendelea na kazi. Vingine havikuonekana tena. Tukiulizwa sababu, jibu letu ni moja: "Korona ilituua." Je, ni kweli siku zote? Au korona ilifunua tu ufa ambao ulikuwa ukutani tangu zamani?

Katika somo hili tutaangalia timu moja ya raga iliyokuwa mbali sana nasi, huko Kanada. Wachezaji wake walilipwa mishahara na mechi zake zilionyeshwa kwenye televisheni. Hata hivyo, jinsi pesa zake zilivyopangwa kunafanana na vikundi vyetu vingi. Mtu mmoja awasomee wengine kwa sauti, polepole. Maswali yako mwishoni.

MCHEZO WENYEWE

Raga tunayoijua zaidi hapa Kenya ni ya wachezaji 15 kila upande, au ile ya wachezaji 7. Kuna aina nyingine inayoitwa raga ya ligi, ambayo huchezwa na watu 13 kila upande. Chanzo chake ni kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1895. Wachezaji wengi wa huko walikuwa wafanyakazi wa migodini na viwandani. Mtu akienda kucheza alipoteza mshahara wa siku hiyo. Timu zao zilitaka kumrudishia mshahara huo, wakubwa wa mchezo wakakataa, basi timu zikajitenga zikaanza ligi yao. Kwa hivyo mchezo huu ulizaliwa kutokana na swali la malipo ya mfanyakazi. Likumbukeni jambo hilo, maana tutalirudia.

TIMU INAANZA NA KUPANDA HARAKA

Toronto ni mji mkubwa wa Kanada. Kati yake na Uingereza kuna bahari ya Atlantiki, na mtu husafiri kwa ndege saa nyingi. Hata hivyo, mwaka 2017 timu mpya ya mji huo, Toronto Wolfpack, iliingia katika ligi za Uingereza. Ilianzia daraja la tatu, la chini kabisa. Mwaka huo huo ikashinda daraja hilo ikapanda.

Mwaka 2018 ilikaribia kupanda tena, lakini ikashindwa mechi ya mwisho na London Broncos kwa alama 4 kwa 2. Haikukata tamaa. Tarehe 5 Oktoba 2019 ilishinda Featherstone Rovers kwa alama 24 kwa 6, mbele ya karibu watu 10,000 nyumbani kwake Toronto. Sasa ilikuwa imefika ligi kuu, inayoitwa Super League. Kutoka chini hadi juu kwa misimu 3 tu! Ikamwajiri Sonny Bill Williams wa New Zealand, mmoja wa wachezaji wa raga wanaojulikana sana duniani. Watu wengi walisema, hawa wamefaulu.

NANI ALIKUWA AKIBEBA MZIGO?

Hapa tufungue daftari. Timu ya raga hupata pesa kwa njia kadhaa: kiingilio mlangoni, makampuni yanayojitangaza, na mgawo wa pesa za televisheni ambazo ligi huwagawia wanachama wake. Timu nyingine za Super League zilikuwa na mgawo huo wa televisheni. Toronto iliruhusiwa kuingia bila kupewa mgawo. Tena, katika miaka ya mwanzo ilikuwa ikizilipia timu za Uingereza nauli ya ndege na malazi zikija kucheza Toronto. Yaani ilitoa zaidi na kupokea kidogo.

Pengo hilo nani alilijaza? Kwa sehemu kubwa lilijazwa na mtu mmoja, tajiri aitwaye David Argyle, mfanyabiashara wa mambo ya madini. Tusimhukumu haraka. Alipenda timu hiyo na alitoa pesa zake nyingi. Bila yeye isingekuwepo. Lakini pesa za mishahara, nauli na malazi zilipokuwa zikitoka zaidi katika mfuko wa mtu mmoja, uhai wa timu ulikuwa ndani ya mfuko huo.

Dalili zilikuwepo. Tayari mwaka 2019, wakati timu ilipokuwa ikishinda, kulikuwa na habari za mishahara kuchelewa. Ushindi uwanjani ulifanya jambo hilo lionekane dogo.

MSIMU WA 2020

Ligi ilianza mwishoni mwa Januari 2020. Wakati huo Toronto ni baridi na theluji, basi mechi za nyumbani zilipangwa zianze Aprili. Timu ilikuwa Uingereza ikicheza ugenini kila wiki, bila kiingilio cha nyumbani. Ilipoteza mechi zote 6 za ligi ilizocheza. Moja ilikuwa na Leeds, tarehe 5 Machi, alama 66 kwa 12. Ushindi wake wa pekee ulipatikana katika mashindano ya kombe, tarehe 11 Machi, ilipoifunga Huddersfield 18 kwa 0.

Siku 5 baada ya ushindi huo, michezo yote ilisimamishwa kwa ajili ya korona. Mipaka ya nchi ikafungwa. Mechi za Aprili kule Toronto hazikuchezwa, na kiingilio kilichosubiriwa hakikuja.

Timu nyingine za Super League nazo ziliumia sana. Viwanja vilikuwa vitupu na wachezaji wengi walikubali kukatwa mishahara. Serikali ya Uingereza ilitoa mkopo wa dharura wa paundi milioni 16 kuusaidia mchezo huo. Lakini timu hizo zilikuwa na miguu kadhaa. Mguu mmoja ulipovunjika, zilichechemea kwa ile iliyobaki. Agosti 2020 ligi ilirudi, ingawa bila watazamaji.

Toronto haikurudi. Tarehe 20 Julai 2020 ilitangaza kwamba haiwezi kumaliza msimu kwa sababu ya shida ya pesa. Wachezaji na wafanyakazi walikuwa hawajalipwa tangu Juni. Hebu tufikirie familia hizo: kuna kodi ya nyumba, kuna watoto, na wengine walikuwa Uingereza kwa vibali vilivyotegemea kazi ya timu hiyo. Matokeo yake ya mwaka huo yakafutwa katika jedwali la ligi, kama kwamba haikuwahi kucheza.

Mfanyabiashara mwingine alijitokeza, akasema atainunua timu na kulipa mishahara iliyobaki, kama itarudishwa katika ligi mwaka 2021. Mwezi wa Novemba 2020 jambo hilo lilipigiwa kura. Kura 8 zilikataa, 4 zikakubali. Ligi ilisema haikuona kwamba timu ya Toronto ingeuletea mchezo mapato ya kutosha. Nafasi yake ikapewa timu ya mji wa Leigh.

TIMU NYINGINE ILIYOFUNGIWA NJE

Mtu anaweza kusema, "Basi ni umbali na mipaka iliyowamaliza." Tulinganishe na timu ya Warriors ya New Zealand. Hiyo nayo hucheza katika ligi ya nchi nyingine, Australia, ng'ambo ya bahari. Korona ilipofunga mipaka, wachezaji wake waliondoka kwao mapema Mei 2020. Wakatengwa siku 14 katika mji wa Tamworth, kisha wakaishi Australia msimu mzima, wengi wakiwa mbali na wake na watoto. Katikati ya msimu mwalimu wao aliachishwa kazi. Baadhi ya wachezaji walishindwa kuvumilia wakarudi kwa familia zao.

Lakini timu haikufa. Kwanza, kila timu ya ligi hiyo hupata mgawo kutoka kwa mfuko wa ligi, na Warriors wamo. Pili, timu za Parramatta, Penrith na Sydney Roosters ziliwaazima wachezaji ili wasipungukiwe. Walishinda mechi 8 kati ya 20 na kuwa wa 10 kati ya timu 16. Si ushindi wa kupigiwa vigelegele, lakini walimaliza. Mwezi wa Julai 2022 walicheza tena nyumbani kwao Auckland, wakashinda.

Korona ilikuwa moja, bahari ilikuwepo kwa wote wawili. Tofauti kubwa ni kwamba Warriors walikuwa ndani ya mfuko wa pamoja, na Toronto walikuwa nje yake.

TUNAJIFUNZA NINI?

1. Mfadhili hatoshi kuwa nguzo. Awe mzungu, mheshimiwa, au mtoto wetu anayefanya kazi mjini, tumshukuru akitoa. Lakini pesa yake inunue kitu kitakachobaki: tangi, mashine, mbegu, mafunzo. Isiwe ndiyo inayolipa kila mwezi gharama ambayo sisi wenyewe hatuiwezi. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

2. Kabla ya kujiunga, uliza mgawo. Kikundi kikiingia katika muungano au ushirika, kiulize: tutatoa nini, tutapata nini, na siku ya shida tutasaidiwa vipi? Majibu yaandikwe, yawekwe sahihi. Kuruhusiwa kuingia ni jambo moja, kuwa na fungu ni jambo lingine.

3. Malipo yakichelewa, msinyamaze. Mlinzi au fundi wa pampu akikosa pesa yake mwezi mmoja, jambo hilo liletwe mkutanoni mwezi huo huo. Msingoje mpaka iwe miezi mitatu. Na msidanganywe na sifa za nje. Kikundi kinaweza kupigwa picha na wageni huku mwekahazina hana hata shilingi.

4. Anayeumia kwanza ni mfanyakazi. Tajiri wa Toronto alipoteza pesa, lakini wachezaji walikosa chakula cha mwezi. Mkiajiri mtu, wekeni kando mshahara wake wa miezi miwili au mitatu kabla hajaanza kazi. Kama hamuwezi, bado hamjawa tayari kuajiri.

5. Kukua haraka si nguvu. Toronto ilipanda madaraja kabla mapato yake yenyewe hayajapanda. Kikundi cha kuku 50 kisikimbilie kuku 500 kwa sababu tu mtu ameahidi chakula cha kuku.

6. Jirani hutafutwa kabla ya shida. Warriors waliazimwa wachezaji na watu waliokuwa wakishindana nao. Tuanze sasa kutembeleana na vikundi vya jirani, kuazimana jembe na ujuzi. Siku ya taabu si siku ya kujitambulisha.

MFUKO WA DHARURA: HESABU NDOGO

Kikundi chenye watu 20, kila mmoja akitoa shilingi 20 kwa wiki, hupata shilingi 400 kwa wiki. Kwa wiki 50 ni shilingi 20,000. Pesa hii isichanganywe na ya mzunguko wala ya mikopo. Iwe na ukurasa wake katika daftari, na isitolewe mpaka sahihi tatu ziwepo. Elezeni katika katiba yenu dharura ni nini: ugonjwa wa mlipuko, ukame, mafuriko, mfadhili kuondoka. Harusi si dharura!

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mwaka 2020 kikundi chetu kilisimama kwa miezi mingapi? Ni nini kilichotuwezesha kurudi, au kilichotuchelewesha?

2. Mwekahazina asome mapato ya mwaka uliopita. Kisha afunike kwa mkono mapato ya mfadhili mkubwa kuliko wote. Kilichobaki kinaweza kulipa nini?

3. Kura ya Novemba 2020 iliikataa Toronto. Kama mngekuwa mmoja wa wenye kura, mngekubali irudi, mkijua kuna wachezaji wanaodai mishahara? Toeni sababu za pande zote mbili.

4. Je, kuna mtu anayetufanyia kazi na tuna deni lake? Tutamlipa lini?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Chagueni watu wawili, mmoja awe mama na mmoja awe kijana, waandike orodha ya njia zote za mapato ya kikundi. Kama njia ni moja tu, mkutano ujao uwe wa kutafuta ya pili, hata kama ni ndogo: kitalu cha miche, kukodisha viti, kuuza maji. Orodha ibandikwe pale mnapokutania ili kila mwanachama aione.