Uongozi ni Amana: Somo la Kuwalea Vijana wa Vyuoni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Somo hili lahusu jambo moja: namna ya kumsaidia kijana wa chuoni ajijue kuwa ni mtu wa kubeba uongozi, hata akiwa hana cheo. Lawaelekea wazee waliowapeleka watoto wao vyuo vya mbali, na waalimu waliowapokea.

Sababu ya somo

Zamani misafara ya Kilwa ilikwenda hata Ziwa Nyasa, ikapita nchi ya Wangoni. Leo wamo vijana wa pwani waendao huko huko kwa kutafuta elimu, wakasoma katika vyuo vya Songea. Katika vyuo vya Tanzania wanafunzi huwa na serikali yao, yenye rais na mawaziri na bunge, na kura hupigwa. Jambo hilo ni jema, walakini hutoka ndani yake madhara mawili. La kwanza, aliyechaguliwa hudhani amefika, akapenda kiti kuliko kazi. La pili, nalo ni kubwa zaidi, wale mamia wasiochaguliwa hudhani ya kuwa uongozi si wao, wakakaa kuwa watazamaji mpaka siku ya kutoka.

Ewe msomaji, mtazame kijana huyo aliyesomea ualimu. Akimaliza atapelekwa pengine shule ya kijiji katika Tunduru, au Namtumbo, au Nyasa. Hatamkuta huko mtu wa kumpigia kura. Atakuta watoto wasio na madawati, na wazee wawili wanaogombea mpaka wa shamba, na mgonjwa usiku anayetaka kupelekwa hospitali. Wote watamwendea yeye, kwa kuwa amesoma. Kama hakujizoeza uongozi chuoni, atajizoeza kwa gharama ya watoto wa watu.

Mfano wa safu ya kwanza

Haifichiki kwa mwenye kusali jamaa kwamba imamu ni mmoja na maamuma ni wengi. Walakini Mtume, rehema na amani zimshukie, aliagiza wenye akili na fahamu wasimame karibu naye. Na katika madhehebu ya Imamu Shafii, imamu akitengukwa na udhu katikati ya sala, yafaa mmoja wa walio nyuma yake asogee mbele akaikamilishe. Basi aliye safu ya kwanza ni mfuasi, na papo hapo ni mtu aliye tayari. Akiitwa, husogea, asipoitwa, sala yake haipungui kitu. Hivi ndivyo itakiwavyo kijana ajione.

Na kujiona hivyo hakuji kwa maneno matupu. Amr bin Salima alikuwa mtoto wa miaka sita au saba. Watu wake walikaa penye maji yapitiwayo na wasafiri, naye aliwasikiliza wapitao akahifadhi Kurani kwao. Kabila lake liliposilimu likaambiwa aongoze sala aliyehifadhi zaidi. Wakatafuta, wasimwone anayemshinda mtoto huyo, wakamweka mbele. Nguo yake ilikuwa fupi, ikipanda alipokuwa akisujudu. Watu wazima hawakumwondoa kwa aibu ile. Walinunua kitambaa wakamkatia kanzu, naye akaifurahia sana. Zingatia mambo mawili hapa. Elimu aliitafuta mwenyewe, walakini kanzu alivikwa na watu. Kijana hujijua kuwa kiongozi pale anapokuwa na kitu cha kweli mkononi, na wakubwa wakakikiri mbele ya wengine.

Mfano wa mtu wa Songea

Mji wa Songea una jina la Songea Mbano, aliyekuwa nduna. Mtawala wa Wangoni wa Njelu alikuwa Nkosi Mputa Gama. Wote wawili walinyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji. Hivyo jina la mji ni la mtu wa pili, si la mtu wa kwanza.

Katika wilaya hiyo ya Songea ndimo alimozaliwa Rashidi Mfaume Kawawa, mwaka 1926. Alisoma Tabora, kisha akawa mtumishi wa serikali ya Kiingereza. Uongozi wake haukuanzia katika kiti kikubwa. Ulianzia katika mambo ya watumishi wenzake, mishahara yao na haki zao. Mwaka 1955 liliposimamishwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika, yeye ndiye aliyefanywa katibu wake mkuu.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Wiki sita baadaye, Januari 1962, Julius Nyerere aliacha uwaziri mkuu ili akakijenge chama cha TANU, na Kawawa akashika mahali pake. Aliushika muda wa miezi kumi na zaidi. Desemba 1962 nchi ilipokuwa jamhuri, Nyerere alirudi kwa jina la Rais, naye Kawawa akawa Makamu wake. Mwaka 1972 akawa Waziri Mkuu tena. Mwaka 1977 uwaziri mkuu ukapewa Edward Sokoine, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi na mdogo wake kwa miaka kumi na miwili. Kawawa akaenda kuushika huo Ulinzi. Nchi ilipoingia vita na Idi Amin mwaka 1978, yeye ndiye aliyekuwa katika wizara hiyo. Aliendelea kutumika miaka mingi baada ya hapo, akafariki tarehe 31 Desemba 2009.

Yawezekana watu wakahitilafiana juu ya siasa za zama zile, na hayo si maudhui ya somo hili. Linalotakiwa hapa ni hili: alipanda, akashuka, akapanda, akashuka, wala hakuiacha kazi kwa kuwa kiti kimepungua. Na mfano wa kale wa jambo hilo ni Khalid bin Walid: Sayyidna Umar alipomwondoa katika ujemedari akamweka Abu Ubayda, Khalid aliendelea kupigana chini yake. Mtu ambaye uongozi wake umo ndani ya cheo, kikiondoka cheo huondoka naye. Mtu ambaye uongozi wake ni amana, akiirejesha hubaki yeye mzima.

Njia nne za malezi

Ya kwanza: apewe amana ndogo iliyo ya kweli. Daftari la fedha za chakula, ufunguo wa chumba cha vitabu, kumsindikiza mgonjwa, kuwasomesha walio nyuma katika hesabu. Alama ya amana ya kweli ni kwamba ikipuuzwa, yuko mtu atakayeumia. Wazee wa pwani walijua hivi katika vyuo vya Kurani, ambamo mwanafunzi mkubwa hushikishwa wadogo awasomeshe.

Ya pili: ahesabiwe. Siku ya kurejesha daftari lisomwe mbele ya wenziwe. Akiwa amekosa, aonyeshwe kosa bila ya kuvunjiwa heshima. Akiwa amefanya vema, aambiwe waziwazi kwamba kazi ile ndiyo uongozi. Wengi wameubeba wasijue jina lake.

Ya tatu: wenziwe wafundishwe kumrudi kwa adabu. Imamu akisahau, maamuma husema "Subhana Llah", wala hawavunji safu. Anayejua kumkumbusha kiongozi bila ya kumtukana, huyo naye amekwisha kuingia katika uongozi.

Ya nne: airejeshe amana, ipewe mwingine, naye akae katika safu. Hapa ndipo moyo wake utakapojulikana.

Shaka na jibu lake

Huenda mtu akasema: Mtume amekataza kuomba ukubwa, basi vipi vijana wafundishwe kuutazamia? Jibu: lililokatazwa ni tamaa ya kiti, si kujitengeneza kwa kazi. Nabii Yusuf alitaka awekwe juu ya hazina za Misri, kwa kuwa aliijua elimu yake na uaminifu wake, na njaa ilikuwa yaja. Na Abu Dhar, pamoja na kupendwa kwake, alizuiliwa uongozi kwa udhaifu wake katika jambo hilo, wala daraja yake haikushuka. Kujijua, basi, ni kujua yale uwezayo kuyabeba na yale usiyoyaweza.

Maswali ya kudurusu

1. Ni tofauti gani iliyopo baina ya cheo na amana?
2. Kwa nini watu wa Amr bin Salima walimkatia kanzu wasimwondoe mbele?
3. Kawawa alishika kazi gani baada ya mwaka 1977, na nani aliyepewa kazi aliyoiacha?
4. Ewe mzee, mwanao arudipo likizo, ni amana gani ya nyumba yako utakayomkabidhi, na siku gani utamhesabu?

Swali la nne halijibiwi kwa kalamu. Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu kuwa watu wa safu ya kwanza. Wallahu aalam.