Maumivu ya Viungo: Chikungunya au Lupasi?

Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, hupata mvua lakini hauna mito. Maji hupenya katika mchanga na kutokeza chini ya miteremko, kama zilivyo chemchemi za Ndanda. Kwa sababu hiyo wakazi wa juu, hasa wa Newala, walilazimika kuteka maji mbali na kuyaweka akiba nyumbani kwa siku nyingi.

Mwaka 1952 ulizuka katika wilaya za Newala na Masasi ugonjwa wa homa ya ghafla uliowaangusha watu wa nyumba nzima kwa pamoja. Dakta Marion Robinson alieleza dalili zake, W. H. R. Lumsden akachunguza uenezi wake, na mwaka 1953 R. W. Ross akatenga virusi kutoka katika damu ya wagonjwa. Wenyeji walikwisha kuuita chikungunya, jina litokanalo na kitenzi cha Kimakonde chenye maana ya kujikunja. (Vitabu kadhaa vya kigeni hudai kwamba neno hilo ni la Kiswahili. Sivyo.) Jina hilo lenyewe ni maelezo ya kitabibu: mgonjwa huinama kwa maumivu ya vifundo vya miguu, mikono na magoti, asiweze kunyooka.

Dalili huanza aghalabu siku 3 hadi 7 baada ya kuumwa na mbu wa jamii ya Aedes, mweusi mwenye mabaka meupe, ambaye huuma mchana. Homa hupita upesi, na upele huweza kutokea. Lakini maumivu ya viungo huweza kudumu wiki, miezi, hata zaidi ya mwaka. Hapa ndipo ugumu unapoanza, kwa maana msichana mwenye homa, upele na viungo vilivyovimba huenda hana chikungunya, bali lupasi.

Lupasi haiambukizi. Ni hali ambayo kinga ya mwili huishambulia miili ya wenyewe: ngozi, viungo, damu, na figo, ambazo ndizo za kuhofiwa zaidi. Katika kila wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake, wengi wao wa umri wa kuzaa. Hutambulika kwa upele unaozidi juani, pengine wenye umbo la kipepeo juu ya pua na mashavu, vidonda vya kinywani, kunyonyoka nywele, na mkojo wenye protini. Mashambulizi yake huja na kuondoka kwa miaka, wala hayafuati msimu wa mbu.

Maabara husaidia, ila kwa tahadhari. Katika wiki ya kwanza virusi vya chikungunya huweza kuonekana katika damu. Baadaye hutafutwa kingamwili zake. Kwa lupasi hutafutwa kingamwili zinazoshambulia viini vya seli. Karibu kila mgonjwa wa lupasi anazo, lakini baadhi ya watu wazima wa afya, na wengine waliougua maradhi ya virusi, huwa nazo pia. Jibu moja la maabara halitoshi. Mkojo lazima upimwe.

Tiba nazo hutofautiana. Chikungunya haina dawa ya kuua virusi vyake: mgonjwa hupumzika, hunywa maji mengi na hupewa parasetamoli. Aspirini huepukwa mpaka homa ya kidingapopo iondolewe shaka, kwa sababu huongeza hatari ya kutokwa damu. Mgonjwa wa lupasi hutumia haidroksiklorokwini kwa muda mrefu, pamoja na steroidi figo au viungo vingine muhimu vinaposhambuliwa. Akichukuliwa kuwa ana homa ya mbu tu, figo zake huweza kuharibika kabla hajafika hospitali.

Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu wakati wa ukame, kwa sababu ile ile ya Newala: maji yaliyohifadhiwa bila kufunikwa. Darasani, wanafunzi waeleze kwa nini kumwaga maji ya mtungi hakutoshi. Mayai ya Aedes hushikamana na ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, huvumilia ukavu kwa miezi, na huanguliwa maji yanaporudi. Kwa hiyo ukuta wa ndani husuguliwa kila wiki.