Chatur wa 3 Idiots na Madesa Yetu

Wengi wetu tuliiona 3 Idiots kabla hata ya kujua chuo kikuu kinafananaje. Mimi niliiona kibanda umiza nikiwa kidato cha pili, nikatoka pale nikiamini kwamba chuoni kuna watu wa aina mbili tu: wenye akili na wanaokariri. Mwaka huu nimeirudia kwa macho ya mtu anayesomea ualimu, na kuna sehemu imenikaa vibaya.

Kwa asiyeijua, ni filamu ya India ya mwaka 2009, imeongozwa na Rajkumar Hirani, na kwa mbali inatokana na riwaya ya Chetan Bhagat. Chuo chenyewe cha uhandisi ni cha kubuni. Majengo yale mazuri ya mawe ni ya taasisi ya IIM Bangalore, ambayo hufundisha menejimenti, siyo uhandisi. Aamir Khan, anayecheza kijana wa mwaka wa kwanza aitwaye Rancho, alikuwa na miaka 44. Hayo tuyasamehe, sinema ni sinema. Na kuna mahali haikutania: Joy Lobo, mwanafunzi anayeambiwa na mkuu wa chuo kwamba hatahitimu kwa sababu amechelewesha mradi, na anakufa kwa mkono wake mwenyewe. Sehemu hiyo sijawahi kuiona mtu akiicheka.

Tunachocheka ni Chatur.

Kumbuka darasa la mashine. Mhadhiri anauliza mashine ni nini. Rancho anajibu kwa maneno yake kwamba ni chochote kinachompunguzia mtu kazi, anataja feni, simu, hadi zipu ya suruali.  Chatur anasimama, anamwaga fasili ya kitabuni neno kwa neno bila kuvuta pumzi, anasifiwa, na Rancho anafukuzwa darasani. Kila mwanafunzi wa elimu anaipenda sehemu hii, maana ndiyo hasa tunayofundishwa tusiifanye.

Halafu inakuja hotuba ya Siku ya Walimu. Chatur anaandikiwa hotuba kwa Kihindi cha juu, anaikariri yote, na Rancho anamchezea mchezo wa kubadilisha maneno. Palipoandikwa muujiza panawekwa neno la ubakaji. Chatur anapanda jukwaani na kuisoma kwa kujiamini, wanafunzi wanakufa kwa kicheko. (Kwamba ukumbi unafurahia neno hilo, hilo nalo lina makala yake siku nyingine.)

Sasa jiulize, kwa nini hakushtuka? Filamu yenyewe inatuambia, lakini inapita haraka: Chatur alizaliwa Uganda, akasoma Pondicherry, na Kihindi hakijui vizuri. Yaani jirani yetu kabisa. Hakukariri kwa sababu ni mjinga au mpenda sifa tu, ingawa sifa anazipenda. Alikariri kwa sababu alipewa jukwaa katika lugha ambayo si yake, na mtu akipewa lugha isiyo yake kitu pekee anachoweza kuubeba salama ni mpangilio wa maneno.

Bloom na wenzake walipopanga ngazi za kujifunza mwaka 1956, kukumbuka waliweka chini kabisa, kuelewa juu yake. Tunazisoma mwaka wa kwanza, tunazijibia mtihani, na wengi tunazijibia kwa kuzikariri! Ila ngazi hizo ni kama vile zimechukulia kwamba mwanafunzi anaelewa lugha anayoulizwa. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania anasoma kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza. Ngazi ya pili anaifikaje? Anashika ile ya kwanza kwa mikono miwili. Akifika chuoni ameshakuwa bingwa wa kushika, na sisi tunaita madesa.

Nilikuwa na haki ya kumcheka Chatur mpaka nilipokwenda mazoezi ya kufundisha. Fizikia, kidato cha pili, mada ni hiyohiyo ya mashine. Niliuliza fasili, kijana mmoja wa nyuma akasimama na kuitoa kwa Kiingereza safi, hakukosea hata neno. Nikamsifu. Nikaendelea na ubao wangu. Mwisho wa kipindi, kwenye andalio la somo, sehemu ya tathmini, niliandika kwamba wanafunzi wengi wameelewa.

Kipindi kilichofuata nikamwomba kijana yuleyule mfano mmoja wa mashine kutoka nyumbani kwao. Kimya. Nikarudia swali kwa Kiswahili, jambo ambalo pale shuleni halitakiwi. Akataja toroli, mkasi, opena ya soda, na kamba ya kisima inayopita kwenye kapi. Wenzake wakadakia, mmoja akabisha kwamba opena haina tairi itakuwaje mashine, wakabishana dakika kumi nzima. Sijapata kipindi kizuri kama kile.

Hapo ndipo ninapotofautiana na filamu. Inamfanya Rancho awe wa kwanza bila kutuonyesha akikesha na daftari hata usiku mmoja, kana kwamba kuelewa ni kipaji, na kukariri ni tabia mbaya ya mtu. Lakini Chatur huyo huyo anashika nafasi ya pili. Kukariri kunalipa, na anajua. Kijana wangu wa nyuma naye anajua. Wiki mbili baadaye nilisahihisha jaribio lao. Swali la kwanza lilitaka fasili ya mashine, kwa Kiingereza, alama mbili. Aliandika ileile ya kitabuni, na nikampa zote mbili. Habari za opena na kisima hazikuwa na mahali pa kuandikwa, na karatasi ile niliitunga mimi.