Kujifunza Ushonaji Baada ya Miaka 50

Mtu aliyevuka umri wa miaka 50, ambaye kazi aliyoizoea imekatika naye angali na watoto wa kusomesha, hatoshelezwi na kuliwazwa kwamba elimu haina mwisho. Muradi wake ni kuelezwa aanzie wapi. Nalikuwa karani wa ghala katika Industrial Area ya Nairobi, na kiwanda kilipopunguza watumishi nikarejea nyumbani Jericho, nikaazimia kujifunza ushonaji katika Soko la Uhuru, kando ya Barabara ya Jogoo, lenye sifa ya sare za shule. Na nasaha hizi ni zile zilizonifaa mwenyewe.

Kwanza, chagua kazi iliyo jirani na maarifa uliyo nayo. Sindano sikuijua, lakini hesabu ya ghala naliijua barabara. Na biashara ya sare, ambayo hupamba moto Januari shule zinapofunguliwa, kisha ikalegea, humtaka mtu ajuaye kuweka akiba ya vitambaa kabla ya msimu, na kukadiria ni saizi zipi zitakazotoka kwa wingi. Ujuzi wa zamani ni rasilmali, usiutupe.

Pili, keti chini ya mwalimu kwa taadhima, hata akiwa rika la mwanao. Kijana aliyekubali kunifunza aliuchomoa uzi katika cherehani, akanipa karatasi ya daftari yenye mistari, akasema, “Mzee, uzi baadaye. Fuata mstari kwanza.” Nikakanyaga taratibu mpaka matundu ya sindano yakakaa juu ya mstari pasipo kwenda upogo, kisha akanichorea duara, na baada ya duara pembe, ambapo sindano sharti ibaki imezama katika karatasi huku mguu wa cherehani ukiinuliwa na karatasi ikigeuzwa. Zoezi hilo gharama yake ni karatasi tu, nalo huifunza miguu na mikono kusikizana kabla ya kitambaa cha mtu kuharibika. Baada yake hufuata vipande vya nguo kuukuu kutoka soko la Gikomba, na mwisho ukosi wa shati, ambao ncha zake mbili zisipolingana humfedhehesha fundi mbele ya kila mzazi.

Anayeona haya kufunzwa na vijana na amkumbuke marehemu Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, baada ya ada ya shule za msingi kuondolewa mwaka 2003; na alipohamia Nairobi mwaka 2008 hakuacha masomo, bali alijiunga na Shule ya Msingi ya Marura, papa hapa Kariobangi.

Tatu, usitoe kiinua mgongo chote ununue mashine. Tenga kwanza kodi ya nyumba na chakula, uombe kutumia cherehani ya fundi wako saa ambazo haina kazi, na ikiwezekana uweke fedha za cherehani yako kidogo kidogo katika chama cha majirani mnaoaminiana.

Nne, mkono ukishakuwa mwepesi, tafuta cheti. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo sote twaiita NITA, hutahini mafundi kwa madaraja, kuanzia la 3 hadi la 1 lililo juu, na aliyejifunzia karakanani naye hutahiniwa, kwani kinachopimwa ni kazi yake.

Dhahiri mkono wa mtu mzima hukawia kupata wepesi, na apaswaye kustahamili ni yeye mwenyewe. Lakini kuamka mapema, kuandika deni na malipo, na kutimiza ahadi ya siku iliyotajwa, hayo aliyafunzwa na kazi yake ya kwanza, nayo ndiyo humrudisha mzazi wa mtaa wa Umoja au Kayole kwa fundi yule yule kila mwaka.