Wasaidizi wako wako mbali? Neno "sawa" litakumaliza

Kama una binti anayejibu meseji za wateja akiwa kwao Morogoro, kijana anayekuchukulia mzigo Kariakoo na kaka wa boda anayepeleka, tayari wewe ni bosi wa timu isiyokaa pamoja. Hata kama ofisi yako ni kitanda na chaja.

Mi nimeishia fomu foo, kuongoza watu sijasomea popote. Nimejifunza kwa hasara, na hasara yenyewe ni hii.

Mteja wa Mwanza aliagiza madera 12 ya sare ya kicheni pati, kila moja 28,000. Akalipa yote Jumatano, 336,000, shughuli Jumamosi saa nane mchana. Nikaandika kwenye grupu: "Jamani mzigo wa Mwanza uondoke kesho." Binti akajibu "sawa". Kijana wa Kariakoo naye "sawa". Nikalala usingizi mzuri kabisa.

Ijumaa jioni mteja ananipigia anaomba namba ya gari. Nauliza kwenye grupu, kimya. Napiga simu. Kumbe kijana alikuwa anasubiri binti amtumie saizi, na binti alijua kijana ameshaziona kwenye picha. Mzigo hata haujanunuliwa! Maduka yameshafungwa. Nikarudisha hela yote, nikaomba msamaha, yule dada akanifungia namba. Na kwenye ile sare walikuwepo wanawake 12 ambao wangenijua.

Nilitaka kuwafukuza wote wawili usiku ule ule. Halafu nikarudia kusoma meseji yangu. "Jamani." Jamani ni nani? Sikumtaja mtu, sikutaja saa, sikusema nitajuaje kama imefanyika. Kosa lilianzia kwangu.

Hapo ndo nikaelewa shida ya neno "sawa". Wewe ukilisoma unaelewa "nimefanya". Aliyeliandika alimaanisha "nimeona". Mkiwa duka moja haina shida, unageuza shingo unaona kama mzigo umefungwa. Mkiwa mbali huoni kitu, una hilo neno tu.

Kwa hiyo kwetu sasa "sawa" haihesabiki kama jibu. Kila oda ina jina la mtu mmoja, na jibu ni kitu ninachoweza kukiona. Mzigo umenunuliwa? Picha ya mzigo na risiti. Umefungwa? Picha ya bahasha ikionyesha jina na namba ya mteja. Umepanda gari? Picha ya risiti ya basi na namba ya simu ya konda au ofisi. Hiyo picha ya mwisho anatumiwa na mteja pia, na tangu tuanze hivyo wale wa "mzigo wangu umefika wapi" wamepungua sana.

Meseji ya kazi siku hizi naiandika hivi: "Wewe wa Kariakoo, madera 4 ya Arusha, saizi na rangi ziko kwenye karatasi mstari wa 7, yapande gari la kesho alfajiri, leo kabla ya saa kumi na mbili jioni naomba picha ya risiti." Ndefu, ndiyo. Ila fupi kuliko kuomba msamaha.

Hiyo karatasi ni Google Sheets, ni bure na inafunguka kwenye simu. Tumeweka safu chache tu: tarehe, mteja, bidhaa na saizi, hela imeingia au bado, nani ameshika, imefikia wapi. Kama intaneti inasumbua, daftari na picha ya ukurasa kila jioni inatosha. Kwenye grupu voisi za oda nimepiga marufuku. Voisi ya dakika nne huwezi kuitafuta baadaye, na saizi inasemwa katikati ya kikohozi.

Tuje kwenye hela. Anayejibu meseji hathibitishi malipo kwa skrinishoti ya mteja, maana skrinishoti inatengenezwa. Malipo yanaingia lipa namba yangu, mimi ndo naangalia salio na kuandika "imeingia". Kijana wa Kariakoo namtumia hela asubuhi, jioni tunafunga hesabu. Mfano: nimetuma 150,000. Madera 4 kwa 18,000 ni 72,000, viatu pea 2 kwa 22,000 ni 44,000, mifuko 3,000, boda 5,000. Jumla 124,000, imebaki 26,000. Inarudi siku hiyo hiyo hata kama kesho nitamtumia tena. Ukiruhusu "tutahesabu wiki ijayo", mtagombana na mtu ambaye pengine hajakuibia hata mia.

Kwenye malipo yao nilikosea pia. Binti nilikuwa nampa kamisheni kwa kila oda aliyofunga. Akawa anaahidi mno! "Leo leo inafika dada." Mteja yuko Songea. Sasa hivi ana kiasi kidogo cha uhakika kila mwezi, na kamisheni inahesabiwa mteja akishapokea mzigo. Ahadi za ajabu ziliisha zenyewe. Na bando la kazi nanunua mimi, huwezi kumdai mtu awe hewani kwa hela yake.

Halafu acha kuchungulia nani yuko hewani saa ngapi. Nilifanya hivyo miezi miwili, nikawa naumia roho saa tano usiku kwa nini yuko hewani na hajamjibu mteja. Sasa tumekubaliana saa za kazi, mbili asubuhi mpaka moja jioni, na mteja ajibiwe ndani ya nusu saa. Baada ya hapo ni maisha yake. Saa mbili asubuhi tunapigiana simu ya pamoja dakika kumi, tunasoma karatasi mstari kwa mstari, basi. Mtu akikosea nampigia yeye peke yake, sio kwenye grupu mbele ya wenzake.

La mwisho, laini ya biashara ibaki kwenye simu yako. WhatsApp inakuruhusu kuunganisha vifaa vingine hadi vinne, kwa hiyo msaidizi anajibu kwa simu yake na namba inabaki yako. Akiacha kazi unaingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, unamtoa. Kuna mtu namjua alimwachia msaidizi laini na simu yenyewe, siku walipokorofishana wateja wote wakaondoka na ile laini.

Wewe mizigo ya mikoani nani anaithibitisha kwako, na kwa kitu gani? Andika hapo chini. Wiki ijayo nitaongelea mteja wa "nitakutafuta".