KUVUA KARPU KWA CHELEZO

Wengi wetu tulianza kuvua tukiwa wadogo kwa ndoana, nyungunyungu na kipande cha bua kilichoelea juu ya maji. Bua likizama, tulivuta. Somo hili ni juu ya kipande hicho, yaani chelezo, na namna wavuvi wa Uingereza wanavyokitumia ziwani kumvua samaki mwerevu aitwaye karpu. Msomaji ataona ya kuwa chelezo ni mizani, wala si alama tu ya kusema kuwa samaki yupo. Asiyejua kuitengeneza mizani hiyo hurudi nyumbani mikono mitupu, hata kama ziwa limejaa samaki.

1. Samaki mwenyewe

Karpu aliletwa Uingereza kutoka nchi nyingine za Ulaya. Kitabu cha uvuvi kilichopigwa chapa huko mwaka 1496 chamtaja kuwa samaki mzuri, lakini adimu. Siku hizi yuko katika maziwa na mabwawa mengi. Tarehe 13 Septemba 1952, Richard Walker alimtoa katika bwawa la Redmire karpu wa ratli 44, yaani kilo 20 hivi. Samaki huyo alipelekwa akiwa hai katika bustani ya wanyama ya London, akaishi huko miaka mingi.

Karpu hula hasa chini, penye matope. Ana ndevu nne fupi mdomoni za kupapasia chakula. Meno yake hayako mdomoni, yako kooni. Basi, hufyonza chakula kwanza, akakipima, na asipokiamini hukitema mara moja. Kwa hiyo mvuvi anayengoja chelezo kizame kabisa, mara nyingi huwa amekwisha kuchelewa.

2. Kupima kina

Kazi ya kwanza hufanywa kabla ya chambo kuguswa. Tia chubwi zito katika ndoana, ulitupe pale utakapovua. Chelezo kikizama chote, mshipi ulio chini yake ni mfupi kuliko kina cha maji, kipandishe. Kikilala ubavu juu ya maji, mshipi ni mrefu mno, kishushe. Kikisimama wima na ncha yake ikachungulia kidogo tu, umekipata kina. Ondoa chubwi hilo.

3. Kuitengeneza mizani

Kila kitu kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na uzito wake. Hiyo ndiyo kanuni ya Archimedes tunayosoma darasani, na hapa yatufaa sana.

Tuseme chelezo chako chaweza kubeba gramu 3.2 kabla ya kuzama. Bana machubwi madogo ya gramu 2.4 karibu na chelezo chenyewe, ili uzito wake ukusaidie kutupa mbali. Kisha bana chubwi moja la gramu 0.8 kiasi cha sentimita 6 juu ya ndoana, lining'inie karibu sana na matope lakini lisiyalalie. Sasa ni ncha tu inayoonekana.

Karpu akifyonza chambo na kuinua kichwa, huliinua na lile chubwi la chini. Chelezo kimetuliwa mzigo, nacho hupanda. Kitapanda kiasi gani? Gramu 0.8 za maji ni sentimita mchemraba 0.8. Ikiwa kijiti cha chelezo kina upana wa milimita 5, eneo lake ni sentimita mraba 0.2 hivi. Gawanya, utapata sentimita 4. Lakini chubwi lenyewe nalo huwa jepesi kidogo likiwa majini, kwa hiyo tazamia kati ya 3 na 4. Kwa jicho la mvuvi hilo ni jambo kubwa. Chelezo kinachopanda ni habari sawa na chelezo kinachozama: vuta!

Tangu mwaka 1987 machubwi madogo ya risasi yamepigwa marufuku Uingereza, kwa sababu mabata-maji wakubwa weupe waliyameza wakafa kwa sumu. Wavuvi hutumia madini mengine.

4. Siku ziwani

Mwezi wa Juni, kusini mwa nchi ile, jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na mvuvi mzuri huwa amekwisha kufika. Hakanyagi kwa kishindo, maana karpu husikia mtikisiko wa ukingo. Hutafuta mapovu madogo yanayopanda kwa mafungu, dalili ya samaki afukuaye matope. Hutupa pale punje chache za mahindi laini, na punje mbili hivi huzitia katika ndoana. Mshipi ulio kati ya ufito na chelezo huuzamisha chini ya maji, upepo usije ukauburuta.

Mchana wa jua kali samaki wengi hupumzika. Huo ndio wakati wa kula mkate na kupima kina upya. Jioni huanza kula tena.

Akinaswa, usimvute kwa nguvu. Acha ufito upinde, na kigurudumu cha mshipi kiachie kila anapokimbia. Mshipi wa kilo 4 waweza kumchosha samaki mwenye uzito zaidi ya huo, kwa mkono ulio mtulivu. Mwisho, mwingize katika wavu wenye mpini.

5. Mvumilivu hula mbivu?

Huko, mara nyingi mvumilivu hali kitu. Humpima samaki, akamrudisha majini. Kwao ni mchezo.

Lakini karpu yuyu huyu yuko pia katika ziwa Naivasha, nchini Kenya. Alionekana humo mwaka 2001, na yaaminika aliletwa na mafuriko kutoka mabwawa ya kufugia samaki. Baada ya miaka michache akawa sehemu kubwa ya samaki wanaotolewa kwa nyavu, akalisha watoto na kulipa karo. Tena pale hakuna kukaa kimya ukingoni mpaka giza liingie, maana viboko hutoka kwenda malishoni. Samaki ni mmoja. Kwa huyu ni mchezo, kwa yule ni riziki. Anayevua kwa riziki ndiye hasa asiyeweza kupoteza siku kwa chelezo kilichopimwa vibaya.

Maswali

1. Kwa nini chelezo hupanda karpu anapokula?
2. Kijiti cha chelezo kikiwa na upana wa milimita 10, kitapanda kiasi gani kwa chubwi lile lile? Je, kipi kitamfaa mvuvi zaidi, chembamba au kinene?
3. Tengeneza chelezo kwa bua au unyoya wa ndege, ukijaribu katika ndoo ya maji. Andika kinabeba gramu ngapi.