Mzee Aliyetembea Nyuma: Mafunzo Niliyopata Mzumbe

Baba mkwe wangu tulimzika Mzumbe mwaka jana, katikati ya masika, siku ambayo wingu lilishuka mpaka miguuni mwa Uluguru na mlima wenyewe hatukuuona. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akinitembeza katika milima ile, mimi mtoto wa Temeke niliyekwenda kusoma nikaishia kuoa. Alikuwa mtunza bustani wa chuo tangu kikiitwa IDM, kabla hakijawa chuo kikuu mwaka 2001, na mpaka anafariki hakuwahi kukiita kwa jina jingine. Wiki nzima alishinda juani na jembe. Jumamosi, wakati wenzake wamejilaza, yeye alichukua panga, dumu la maji na mfuko wa mihogo ya kuchemsha, akatutoa nyumba nzima. Haya ndiyo yaliyoniingia.

1. Anayechoka upesi ndiye anayetangulia

Safari yangu ya kwanza naye ilikuwa ya kupanda Bondwa, kwa njia ya Morogoro mjini inayopita Morningside, penye lile jengo la enzi za Wajerumani. Nilikuwa mchumba tu, nataka nionekane nina nguvu, nikapanda kama ninayefukuzwa. Nilifika Morningside peke yangu, nikakaa karibu saa nzima nikiwasubiri. Yeye alitokea wa mwisho kabisa, nyuma ya kitinda mimba wake wa miaka sita.

Hakunilaumu. Alikaa, akafungua dumu, akaniuliza, "Umeona nini njiani, mwanangu?" Sikuwa na la kujibu. Yule mtoto alikuwa nalo: kinyonga aliyening'inia kwenye kijiti, jiwe lililoota kuvu ya manyoya, na kijiua cha zambarau kilichojibanza kwenye ufa wa mwamba, majani yake laini kama sikio la mbuzi. Miaka mingi baadaye nilijua kwamba maua ya jamii ile, ambayo Wazungu huyapanda kwenye vyungu dirishani, asili yake ni milima yetu hii ya mashariki, Usambara na Uluguru.

Kumbe mpangilio ulikuwa mmoja siku zote: mtoto mdogo mbele, watu wazima katikati, yeye mwisho. Mwendo wa mtoto ndio mwendo wa wote. Alisema baba akitangulia, anachokijua ni njia tu. Watoto wake hawezi kuwaona.

2. Kusikia kunatosha

Katika msitu wa Uluguru yuko ndege mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Hukaa juu kabisa, kwenye vilele vya miti. Tulisimama chini ya mti mmoja shingo zikiuma, baba mkwe akiwa ameinua kidole kimoja tutulie, tumsikie. Aliniambia amemtafuta ndege huyo tangu ujana na hajamwona. Alisema hivyo akitabasamu, bila unyonge wowote. Tukashuka.

3. Moto haufukiwi

Hili ni kosa langu. Tulikuwa juu ya Mlali, pembeni ya shamba, tumechoma mahindi. Wakati wa kuondoka niliambiwa nizime moto, nikausukumia udongo kwa mguu, nikaufukia vizuri. Tulifika nyumbani jioni. Baba mkwe alikuwa ananawa miguu akaniuliza, "Ulimwagia maji?" Nikamwambia nimefukia.

Akavaa tena viatu vyake, akajaza dumu, akachukua tochi. Mama mkwe akamwambia chakula kiko tayari. Akasema kitapoa, hakuna neno. Nikamfuata. Tulitembea gizani bila maneno. Tulipofika palikuwa pametulia, hata moshi hauonekani, nami nikaanza kujisikia kama niliyeonewa. Akapiga magoti, akafukua kwa mkono. Mzizi mkavu chini ya udongo ulikuwa mwekundu, unatambaa polepole kuelekea kwenye nyasi. Akaumwagia maji, ukalia. Akachimba tena mbele kidogo, akamwaga tena, mpaka udongo ukawa baridi kwenye kiganja chake. Kisha akaushika mkono wangu, akauweka pale pale niusikie.

Anayeishi Mzumbe au Morogoro mjini anajua ninachosema. Mwezi wa tisa na wa kumi, watu wakiandaa mashamba, usiku unaona mlimani mstari mwekundu unaopanda kuelekea msituni. Baba mkwe alikuwa hapati usingizi akiuona.

4. Muulize aliyeshika jembe

Alikuwa mtoto wakati serikali ya mkoloni ilipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, ati kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955 ghasia zikazuka na mtu akauawa. Baba yake alimsimulia kwamba pale kwao udongo mweusi ulifukiwa, ule mwekundu usiozaa ukaletwa juu. Lakini aliponipeleka Mgeta, kwenye njegere na karoti zilizopandwa ngazi kwa ngazi, aliyasifu matuta ya kule kwa dhati. Hakuwa na chuki na matuta. Alichokataa ni amri ya mtu asiyeshika udongo.

5. Pandia kwenye ardhi ya wengine

Kwa Waluguru, kwa mila, ardhi hupita upande wa mama. Shamba alilolihudumia maisha yake yote lilikuwa la ukoo wa mkewe. Nilimuuliza mara moja, kwa ujana wangu, kwa nini anapanda mikangazi mahali ambapo wala ndugu zake hawatarithi, maana mkangazi si mti wa kuvuna kesho. Akaniangalia kama asiyeelewa swali. "Si kwa wanangu?" Leo kivuli kile ni cha mke wangu na dada zake. Kila mti alikuwa ameupanda na mtoto mmojawapo akiwa ameshika mche, yeye akishindilia udongo.

6. Mvua ya kule ni maji ya huku

Mimi naishi Dar es Salaam, Kimara, na maji ya jiji hili sehemu kubwa hutoka Ruvu, mto unaozaliwa Uluguru. Mto Mgeta nao huzunguka milima na kuingia humo humo. Baba mkwe alilijua hilo vizuri. Kila masika ilipoanza alinipigia simu alfajiri, kabla sijaamka. Nikisema "Shikamoo baba," hakuwa na subira hata ya kumalizia marahaba. "Huku imenyesha mwanangu. Maji yenu yanakuja." Akauliza wajukuu, akakata.

Mwaka huu, Machi, simu iliita kabla ya adhana. Namba ilikuwa yake. Nilikaa kitandani nikaiangalia ikiita, mke wangu ameamka, hakuna aliyesema kitu. Nikapokea. Nyuma nilisikia bati likipigwa na mvua, kisha sauti ya mama mkwe, taratibu, kama anayejaribu kitu kwa mara ya kwanza:

"Mwanangu, huku imenyesha."